Nyuki wa Tanga na Manyigu wa Upenuni

Aliyekaa Shishiyu, au popote Usukumani, awajua manyigu wajengao chini ya paa. Mtoto akiona kiota chao, kwanza hutafuta jiwe. Nataka kuwaeleza habari ya majeshi mawili yaliyofanya kama mtoto huyo, ingawa bila kukusudia, na wadudu wao walikuwa nyuki.

Mwaka 1914 Waingereza walitaka kuitwaa Tanga kutoka kwa Wadachi. Jemadari Aitken alikuja na merikebu kutoka Bara Hindi, na askari wapatao 8,000. Tarehe 2 Novemba manowari iitwayo Fox ilitangulia kuutaka mji usalimu amri. Muda huo ulimfaa sana mkubwa wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, akawaleta askari wake kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi. Hata hivyo watu wake walikuwa kama 1,000 tu. Katika jeshi la Wadachi zama zile walikuwamo Wasukuma na Wanyamwezi wengi.

Tarehe 4 vita ikawa kali vichakani na mashambani nje ya mji. Mitini ilikuwa imetundikwa mizinga ya nyuki, magogo yaliyochimbwa ndani kama yale tuyajuayo sisi. Neno letu mzinga ni nyumba ya nyuki, tena ni silaha ya vita. Siku ile maana zote mbili zilikutana mahali pamoja. Risasi zikaipiga mizinga, nyuki wakatoka kwa ghadhabu. Askari wa Kihindi wa kikosi cha 98 wakatawanyika, ambao huenda wangalistahimili risasi.

Kesho yake Waingereza walirudi merikebuni. Waliouawa upande wao walikuwa kama 360, na ufukoni waliacha bombomu 16 na risasi 600,000. Ndipo ukaenea uvumi kwamba Wadachi waliwatega nyuki hao kwa hila. Si kweli. Von Lettow mwenyewe aliandika kwamba nyuki waliwashambulia na watu wake wa bombomu. Wala nyuki si sababu ya kushindwa: askari walikuwa wamechoshwa na bahari, na nchi haikupelelezwa vema. Lakini ni rahisi kumlaumu mdudu kuliko jemadari!

Nyuki akiuma huacha mwiba wake mwilini, akafa. Na mwiba ule hutoa harufu iwaitayo wenzake. Kwa hiyo anayesimama kupigana nao huzidi kuumwa. Mwiba wa nyigu ni laini, haunasi, naye aweza kuuma tena na tena.

Basi, kwa habari ya nyumba zetu. Wako wachomao kiota kwa mwenge wa nyasi, na paa lenyewe ni la nyasi! Kiota kilicho juu, mbali na njia ya watu, heri kiachwe, maana manyigu huwinda viwavi wa mashambani. Kikiwa juu ya mlango, ngojeni usiku, wote wamo ndani na baridi imewalegeza. Jifunikeni mwili na uso, mkawamwagie maji ya sabuni. Na mtu aliyeumwa akivimba uso au kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojeshwe hata asubuhi.