Chembe za Plastiki: Historia ya Istilahi

Dhana tunayoiita "chembe za plastiki" haina umri mkubwa. Jina lake la Kiingereza lilienea kutokana na makala ya Richard Thompson na wenzake ya mwaka 2004. Baadaye likawekewa mpaka, yaani vipande visivyofikia milimita 5. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuzikuta chembe hizo katika matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza.

Tunapowafasiria watu wa pwani habari za namna hii, hatuna budi kuchunga maneno. Kilichochunguzwa ni utumbo, si mnofu. Tukiandika "samaki wana plastiki", muuza samaki wa Mkange atakosa wateja kwa kosa la mfasiri. Tukitaja utumbo, mlaji atapambanua mwenyewe: changu hutolewa matumbo kabla ya kupikwa, bali dagaa huliwa mzima.