UZI WA ZEZE
Habari za vyombo vya nyuzi na mafundi wake katika Usukuma

Wasikilizaji wangu, mtu akitaja ngoma za Wasukuma, mara twakumbuka zile zinazokusanya umati wa watu uwanjani: Bagalu na Bagika wakishindana wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, Bayeye wakicheza na nyoka, Bagobogobo wakicheza na majembe yao kwa ustadi. Vishindo vya ngoma hizo hufika hata kijiji cha pili. Leo sitasema habari zake. Nataka kuwasimulia habari za sauti ndogo, ambayo mara nyingi haivuki ua wa mwenyewe, yaani sauti ya uzi. Pamoja na habari za mafundi ambao kwa kazi ya mikono yao sauti hiyo haikukatika.

Nchi ninayoisema hasa ni upande wa mashariki wa Usukuma, ambao sasa ni Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu uliwekwa mwaka 2012, na mji wake mkuu ni Bariadi. Jina lake ni jina la mto Simiyu, unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kabla ya hapo Bariadi ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, na zamani zaidi katika wilaya ya Maswa. Walakini watu wa huko wanalo jina la kale kuliko hayo yote, Ntuzu, na wenyewe huitwa Wanyantuzu. Ni nchi ya ng'ombe, ya mtama, na ya pamba. Nayakumbusha mambo haya kwa sababu chombo cha muziki hutengenezwa kwa vitu vya nchi, na nchi ikibadilika, chombo nacho hubadilika.

Kwanza na tuvijue vyombo vyenyewe. Kilicho sahili kupita vyote ni ndono. Ni upinde, mfano wa upinde wa mwindaji, wenye uzi mmoja na kibuyu kilichokatwa mdomo. Kibuyu hufungwa penye mti wa upinde kwa kitanzi, na kitanzi hicho huuvuta uzi na kuugawa vipande viwili visivyolingana urefu. Kwa hiyo uzi ule mmoja hutoa sauti mbili, kila kipande na yake. Na mpigaji akiugusa kwa kidole, hupata sauti nyingine tena. Huupiga kwa kijiti chembamba, na mdomo wa kibuyu hukaa mbele ya kifua chake. Akikisogeza karibu, sauti hufumbika. Akikitenga kidogo, sauti hufunguka. Bassi, kifua cha mtu mwenyewe ni sehemu ya chombo hiki.

Cha pili ni zeze. Jina hili limepewa vyombo vya namna mbalimbali katika nchi yetu. Kuna zeze la fimbo iliyochongwa vituo vya vidole, lenye kibuyu chini yake, ambalo uzi wake hupigwa kwa kidole. Kuna na zeze lenye kikopo kidogo kilichowambwa ngozi, ambalo uzi wake husuguliwa kwa upinde mdogo wa nyuzi za katani, zilizopakwa utomvu wa mti ili zikamate. 

Cha tatu ni nanga, inayosifiwa zaidi kwa Wakerewe na Wahaya, majirani wa ziwani. Ni ubao uliochimbwa mfano wa hori dogo, na juu yake hupita nyuzi saba au nane. Lakini ukitazama vema utaona kwamba nyuzi zile zote ni uzi mmoja mrefu, uendao na kurudi katika pengo za ubao. Ukikatika mahali pamoja, zote hulegea.

Sasa nauliza: chombo cha namna hii chaweza kuishi muda gani? Uzi hulika na kukatika. Ngozi hupasuka kwa jua, au hulegea kwa unyevu wa masika. Kibuyu huvunjika siku kitakapoanguka. Mti huliwa na mchwa. Hakuna hata kipande kimoja kinachoahidi kudumu. Hata hivyo mzee aweza kusema, "Zeze hili ni la babu yangu," na huku kibuyu kimebadilishwa, ngozi imewambwa upya, na uzi wa babu hakuna aukumbukaye. Wala hasemi uwongo. Chombo hicho kilidumu kwa kutengenezwa, na asingekuwako wa kukitengeneza kingalikufa siku ile ile uzi wa kwanza ulipokatika. Hilo ndilo neno ninalotaka tulifikiri leo.

Tuanze na uzi wenyewe, maana historia ya uzi ni historia ya nchi. Hapo kale uzi ulitoka kwa mnyama. Fundi alichukua kano za ng'ombe, akazikausha, akazipasua nyembamba kama nywele, kisha akazisokota juu ya paja mpaka zikawa uzi mmoja mgumu. Mahali pengine walitumia utumbo, au nyuzi za mimea. Uzi wa namna hiyo una sauti ya upole. Ila hupenda kulegea hewa ikiwa na maji, na mpigaji hana budi kuukaza kila mara.

Halafu zikaja safari za misafara. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakichukua pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na nguo, shanga, na masango ya shaba. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alipita Usukuma na kuliona ziwa kubwa. Mwenzake Burton, aliyebaki Kaze karibu na Tabora, aliandika baadaye katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1860 habari za zeze, akilieleza kuwa kibuyu, mti na uzi. Twajua basi kwamba chombo hiki kilikuwako katika njia ile ya misafara. Masango yaliyonunuliwa pwani wahunzi wa bara waliyavuta yakawa waya nyembamba, hasa kwa kutengeneza bangili. Na waya nyembamba ikiisha kuwako katika nchi, fundi wa zeze haoni haya kuijaribu.

Baadaye reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda pwani. Fedha ya pamba ilinunua mabati, nguo, na baiskeli. Wengi hudhani kwamba waya za vyombo vyetu zilitoka katika breki za baiskeli hizo za kale. Lakini nyingi zilikuwa na breki za vyuma virefu visivyopindika, wala hazikuwa na waya. Kilichofaa ni spoki zake, ambazo mafundi wa Afrika ya Mashariki walizigonga zikawa bapa, wakazifanya ndimi za malimba. Uzi wa chuma walioupenda ulikuja zaidi katika kamba za waya zilizosokotwa, kama zile za breki na klachi za pikipiki, ambazo fundi huzifumua akatwaa uzi mmoja mmoja. Tena tangu miaka ya 1950 nyuzi za nailoni za wavuvi zilienea katika ziwa letu, nazo zikapanda juu ya nanga na litungu. Hata debe la mafuta ya taa likafanywa tumbo la gitaa, kwa vijana wasioweza kununua gitaa la dukani.

Msifikiri kwamba kubadili uzi ni kazi nyepesi. Uzi wa chuma hutaka kuvutwa kwa nguvu kuliko uzi wa kano. Ukiutia katika zeze la kale bila akili, huupinda mti, huikata ngozi, na huchimba mfereji katika kibuyu. Kwa hiyo fundi aliyepokea waya alilazimika kuchagua mti mnene zaidi, kuweka kipande cha ngozi au mfupa mahali uzi unapokaa, na kuongeza kigingi imara. Uzi mpya ulidai chombo kipya, na fundi akajibu dai hilo kidogo kidogo. Wale wasemao kwamba mambo ya wazee wetu hayakubadilika tangu zamani, hawajapata kukaa karibu na fundi.

Na tufike kwake sasa kwa fikra, katika ua wa nyumba, chini ya kivuli. Ameletewa ndono yenye kibuyu kilichopasuka. Haitupi. Kwanza hulifuata pasuko kwa kidole mpaka mwisho wake, na pale mwisho hutoboa tundu dogo, ili ufa usizidi kwenda. Kisha hutoboa vitundu pande mbili za ufa na kuushona, kama vile kina mama washonavyo vibuyu vya maziwa. Mwishowe hupaka nta ya nyuki au utomvu ili pasipite hewa. Mithali yetu yasema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fundi huyu aiamini kwa vidole vyake.

Akiisha, hutazama mti wa upinde. Mti ulio mnyumbufu, kama mkole, hukubali kupindwa na kurudi. Mti mbaya hupindika ukabaki hivyo, na uzi ukalegea daima. Hapa pana jambo kubwa la historia. Tangu miaka ya 1920 mapori ya Usukuma yalikatwa kwa wingi, kwanza kwa kufukuza mbung'o waletao ugonjwa wa ng'ombe, kisha kwa kupanua mashamba ya pamba na kwa kuni. Nchi ikawa wazi, ikapendeza machoni pa mkulima. Lakini mtu aliyetaka mti wa upinde alikwenda mbali. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, uliodumu mpaka mwaka 2004. Mradi huo ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kulitenga pori la malisho lipumzike mpaka miti na majani virudi. Ulishika na nchi ya Bariadi, ambayo wakati ule ilikuwa katika Shinyanga. Ngitili ziliwekwa kwa ajili ya ng'ombe na kuni. Lakini penye miti, hata fundi wa zeze hupata fungu lake.

Kazi ya mwisho ni kulinganisha sauti. Mwaka 1636 mtaalamu Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika kanuni za uzi: ukiufupisha, sauti hupanda, ukiukaza, hupanda pia, ukiwa mnene na mzito, hushuka. Fundi wetu hakusoma kitabu hicho, naye azijua kanuni hizo zote. Lakini azidi kujua jambo lisiloandikwa humo: hulinganisha chombo na koo la mtu atakayekipiga. Humwambia mwenyewe aimbe kidogo, asikilize, akaze, asikilize tena. Kazi hiyo haina kipimo cha kuandika ukutani. Hujifunzwa kwa kukaa karibu, miaka mingi, na sikio kufundishwa na sikio.

Wako watu waliotia bidii kuihifadhi sauti hii, na yafaa tuwashukuru. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo na vyombo vya makabila mengi, na Wasukuma miongoni mwao. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, na baada yake Radio Tanzania ikakusanya kanda nyingi za ngoma za nchi. Huko Bujora karibu na Mwanza, Kasisi David Clement kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma wenyewe, walianzisha nyumba ya kumbukumbu ya mambo ya Usukuma, nayo ipo mpaka leo.

Walakini tuseme kweli. Kanda huhifadhi sauti ya siku moja. Haiwezi kukuonyesha fundi alivyoshona kibuyu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kabati la kioo huhifadhi mti na ngozi. Lakini chombo kisichokazwa uzi ni bubu. Nasi twaishi katika zama ambazo mtu hupata nyimbo za dunia nzima katika simu mfukoni mwake. Sisemi kwamba simu ni adui. Adui ni ile fikra kwamba chombo kilichokatika uzi kimekwisha kazi, kikatundikwe ukutani kama pambo la babu. Siku fundi wa mwisho atakapofumba macho bila mwanafunzi, hata tukiwa na vyombo elfu katika makabati, hatutakuwa na kimoja cha kupigwa.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi na ninyi mnaosoma maneno haya kijijini, nawaomba jambo dogo. Tazameni juu ya dari na katika pembe za nyumba za wazee wenu. Mkiona ndono au zeze limelala na vumbi, msiliuze kwa msafiri, wala msilitie motoni. Lichukueni kwa mzee anayejua, mpigieni magoti kama ilivyo desturi, mkamwombe alitengeneze mbele ya macho yenu. Mshikieni kibuyu anapokishona. Msokotee uzi. Mkikosea, atacheka, kisha atawaonyesha tena.

Hapo sauti ile ndogo itapata mikono mingine ya kuitunza. Kwaherini.