Knole, Jumba Alilonyimwa Binti

Mwaka 1456 Thomas Bourchier, Askofu Mkuu wa Canterbury, alinunua Knole, karibu na Sevenoaks katika jimbo la Kent, kutoka kwa William Fiennes, ambaye babake alikatwa kichwa na waasi wa Jack Cade mwaka 1450. Bourchier akajenga, akawaachia maaskofu wakuu watakaomfuata.

Hawakukaa nalo sana. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII alilitamani jumba hilo. Askofu Mkuu Cranmer akajaribu kumpoza: hapa ni padogo, Otford jirani ndiko kunakomfaa mfalme. Henry akajibu kwamba Otford iko bondeni na unyevu wake humtia maradhi, ilhali Knole imekaa pakavu. Basi yeye atalala Knole, na wengi wa watu wake watakaa Otford. Akazichukua zote mbili! Aliyeyaandika mazungumzo hayo ni Ralph Morice, katibu wa Cranmer.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Knole ikaangukia kwa Thomas Sackville, mweka hazina mkuu wa ufalme. Alilikarabati kwa fahari, ila hakulifaidi: mwaka 1608 alifia kikaoni, kwenye meza ya Baraza la Mfalme. Ukoo wake ungalipo hapo.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, urithi ulifuata wanaume. Aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, atashangaa kusikia kwamba binti wa Knole hakupata hata chumba.

Lionel Sackville-West, mrithi wa Knole katika ukoo huo, alizaa na Pepita, mchezaji ngoma wa Kihispania, bila kumwoa. Lionel alipofariki mwaka 1908, mwanawe Henry alidai mahakamani kwamba wazazi wake walioana. Mwaka 1910 akashindwa, jumba likabaki kwa mtoto wa ndugu ya marehemu, naye pia akiitwa Lionel. Mkewe alikuwa Victoria, dada wa Henry! Kaka angeshinda, dada angefungasha.

Mtoto wa pekee wa Victoria na mumewe Lionel, Vita, alizaliwa humo mwaka 1892. Baba alipofariki mwaka 1928, jumba lilikwenda kwa Charles, baba yake mdogo. Mwaka huohuo Virginia Woolf, kipenzi cha Vita, alichapisha riwaya ya Orlando: mhusika wake anaishi karne kadhaa, anageuka kutoka mwanamume kuwa mwanamke, na jumba halimtoki.

Mwaka 1946 Charles aliikabidhi Knole kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, familia ikabaki kama mpangaji. Vita alifariki mwaka 1962. Mswada wa Orlando, ambao Woolf alimzawadia, sasa umehifadhiwa Knole.