Mkate wa Wageni: Habari za Mji wa Nagasaki

Neno "meza", tunalolitumia kila siku nyumbani, si neno la babu zetu. Lilitoka kwa Wareno, waliozunguka pwani za Afrika kwa merikebu zao zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Na muhogo, ambao mama zetu huutwanga na kusonga bugali, asili yake ni Amerika. Wareno ndio waliouvusha bahari. Mambo haya hatuyafikiri tunapokula. Basi, wasomaji wapenzi, leo twende pamoja kwa mawazo mpaka mji wa mbali sana uliofikiwa na Wareno hao hao, tuone walichokiacha jikoni mwa watu, na yaliyowapata watu wale baadaye. Mji huo ni Nagasaki, katika Japani.

Wengi wetu tulisikia jina la Nagasaki kwa ajili ya bomu tu. Lakini katika Japani yenyewe mji huu wajulikana pia kwa chakula chake: keki ya kasutera, tambi za champon, na karamu ya meza ya duara iitwayo shippoku. Majengo yake ya kale mengi yalibomolewa au kuteketea. Mapishi yamebaki, na mwenye kutaka kujua habari za mji ule hana budi kupita jikoni.

Nagasaki iko katika kisiwa cha Kyushu, upande wa magharibi, mahali ambapo bahari yaingia ndani kati ya milima kama mkono mrefu. Maji yake ni ya kina, tena milima huzuia dhoruba. Zamani palikuwa na kijiji cha wavuvi tu. Bwana wa nchi ile, Omura Sumitada, alibatizwa mwaka 1563, naye alikuwa wa kwanza kati ya mabwana wakubwa wa Japani kupokea Ubatizo. Mwaka 1571 merikebu za Wareno zilianza kutia nanga hapo, na mwaka 1580 Sumitada aliukabidhi mji kwa Wayesuiti. Kwa miaka michache tu kijiji kikawa mji wenye makanisa, maghala ya hariri, na watu wa lugha nyingi.

Hatutaficha neno. Wafanyabiashara Wareno hawakununua fedha ya Japani tu. Walinunua pia wanaume na wanawake wa Japani, wakawapeleka Macau na Goa utumwani. Sisi watu wa Kongo twazijua merikebu za namna hiyo. Mwaka 1587 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimwulizisha mkubwa wa Wayesuiti, Padri Gaspar Coelho, maswali makali. Kati ya maswali hayo moja lilihusu watumwa hao. Na lingine lilikuwa la chakula: kwa nini wageni hawa hula ng'ombe na farasi, wanyama wanaowatumikia watu? Tangu mwaka 675 watawala wa Japani walikuwa wametoa amri za kukataza nyama za namna hiyo, na mafundisho ya Buda yalizidi kuwatia watu chuki ya kuchinja. Kwa hiyo meza ya Mreno, yenye nyama ya ng'ombe juu yake, ilikuwa jambo la serikali.

Lakini vyakula vingine vya Wareno vilipendwa mara moja. Hasa vitamu. Mwaka 1569 Padri Luís Fróis alimpelekea mtawala Oda Nobunaga chupa ya kioo yenye peremende ndogo za sukari, ambazo Wareno waliziita confeito. Wajapani waliziita kompeito, na wangali wakizitengeneza mpaka leo. Mkate waliuita pan, kutoka neno la Kireno. Na ile keki ya Wareno yenye jina la nchi ya Castela ikawa kasutera.

Tuseme kidogo juu ya kasutera, maana ni fahari ya Nagasaki. Ndani yake mna mayai, sukari na unga wa ngano, na Wajapani huongeza asali ya nafaka ili iwe laini. Hamna siagi, wala maziwa, wala hamira. Mpishi hupiga mayai mpaka yafure, na hewa ile ndiyo inayoiinua keki. Zamani waliioka katika sanduku la chuma lenye makaa chini na makaa juu, kwa sababu nyumba za Japani hazikuwa na tanuri kama za Ulaya. Mama zetu wanaooka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, wataielewa kazi hiyo pasipo kufundishwa.

Tena kuna tempura, samaki na mboga zilizochovywa katika unga uliokorogwa kwa maji na mayai, kisha zikakaangwa katika mafuta. Wataalamu hawapatani juu ya jina hili. Wengine husema latokana na Quatuor Tempora, zile siku za kufunga za majira manne ya mwaka, ambazo Wakristu walijinyima nyama wakala samaki. Wengine hulitoa katika neno la Kireno la kukoleza chakula. Sisi makatekista twapenda maelezo ya kwanza, lakini kupenda si ushahidi.

Sasa tuje kwenye siku za machozi. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristu 26, Wajapani na wageni, walisulibiwa juu ya kilima cha Nishizaka, mbele ya bandari. Mwaka 1614 dini ya Kikristu ilikatazwa katika Japani nzima, makanisa ya Nagasaki yakabomolewa. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa kabisa. Watu wa Nagasaki walilazimishwa kila mwaka kukanyaga sanamu ya Bwana Yesu au ya Bikira Maria, nyumba kwa nyumba, ili ijulikane nani angali Mkristu. Aliyekataa aliteswa.

Serikali ile ilitaka kung'oa kila kitu cha Wareno. Kumbe haikuingia jikoni. Duka moja la kasutera lahesabu mwanzo wake tangu mwaka 1624, yaani miaka kumi baada ya katazo, na mpaka leo laoka. Fikirini, ndugu: mtu aliyekutwa na rozari aliweza kuuawa, na jirani yake akala keki ya Wareno na kuisifu. Kuna pia mchuzi wa Nagasaki uitwao hikado, wa samaki au nyama, figili nyeupe na karoti, vyote vimekatwa vipande vidogo, na huzitishwa kwa kiazi kitamu kilichokwaruzwa. Jina lake ni picado, "kilichokatwa" kwa Kireno. Wazazi waliupika, watoto wakajifunza, na wengi wakasahau ulikotoka.

Baada ya Wareno, wageni wawili tu waliruhusiwa kufanya biashara Nagasaki: Waholanzi na Wachina. Waholanzi walifungiwa tangu mwaka 1641 katika kisiwa cha Dejima, kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, chenye umbo la pepeo, nacho hakifiki hata hekta mbili. Huko walikaa zaidi ya miaka 200, na daraja moja tu la kuvukia, lenye walinzi. Wachina nao waliwekwa katika mtaa wao wenye ukuta tangu mwaka 1689. Merikebu za mataifa hayo zilileta sukari kwa wingi. Ilitumika pia kama mzigo wa chini wa kutuliza merikebu baharini. Kutoka Nagasaki sukari ilisafirishwa kwa barabara mpaka Kokura, na miji ya njiani ikajifunza kutengeneza vitu vitamu. Ndiyo maana siku hizi barabara ile huitwa Njia ya Sukari. Wenyeji wana msemo: chakula kikikosa utamu, husema kwamba Nagasaki iko mbali.

Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa karamu ya shippoku. Desturi ya Japani ilikuwa kila mtu kula peke yake, mbele ya sinia yake ndogo yenye miguu, na cheo cha mtu kilionekana hapo. Nagasaki walijifunza kwa Wachina kuketi kuzunguka meza moja ya duara, nyekundu, yenye kung'aa, na kuchota katika sahani kubwa za katikati. Mwenye nyumba huanza kwa kuwakaribisha wageni kunywa mchuzi wa samaki. Kabla yake hakuna hotuba. Hufuata samaki wabichi wa Kijapani, nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole kwa namna ya Kichina, na vyakula vya Kiholanzi, vyote juu ya meza hiyo moja. Kwetu kula pamoja katika sahani moja ni jambo la kawaida. Lakini katika nchi iliyopima watu kwa daraja, twaona lilikuwa jambo kubwa.

Na Wakristu je? Walijificha. Hawakuwa na padri, kwa hiyo hawakuwa na Misa. Katika kisiwa cha Ikitsuki, upande wa kaskazini, walikusanyika nyumbani kwa siri, wakasali sala za Kilatini na Kireno ambazo maana yake ilikuwa imepotea vinywani mwao, kisha wakashiriki pombe ya mchele na samaki mbichi kwa heshima kubwa, mahali pa mkate na divai. Mwanateolojia atasema hiyo si Ekaristi, naye atasema kweli. Sisi, tunaongoza Ibada ya Neno vijijini siku za Dominika padri asipofika, hatuwezi kuisoma habari hiyo kwa haraka.

Bandari ilipofunguliwa kwa mataifa mwaka 1859, mapadri Wafaransa walifika, wakajenga kanisa la Oura. Tarehe 17 Machi 1865 kundi la watu wa kijiji cha Urakami liliingia humo. Mwanamke mmoja alimkaribia Padri Bernard Petitjean, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba imani yao ni moja na yake, akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Walimwambia pia kwamba walikuwa katika kipindi cha huzuni, wakataka kujua kama yeye naye anakishika. Kwa kalenda ya Roma siku ile ilikuwa ya 17 tangu Jumatano ya Majivu. Zaidi ya miaka 200 bila padri, nao walikuwa wameshika Kwaresima.

Mateso yalikuwa hayajaisha. Tangu mwaka 1868 watu wa Urakami zaidi ya 3,000 walitawanywa uhamishoni katika mikoa mingi, na mamia walikufa huko. Katazo liliondolewa mwaka 1873; waliobaki walirudi, na mwaka 1895 wakaanza kujenga kanisa kubwa la matofali.

Wakati huo mji ulizidi kupokea wageni. Mwaka 1899 Mchina mmoja wa Fujian, Chen Pingshun, alifungua nyumba ya chakula. Aliwahurumia wanafunzi maskini wa kwao, akachemsha mifupa ya nguruwe na kuku, akatia tambi nene, kabichi, vipande vya nyama na vitu vya baharini, bakuli moja la kushibisha kwa bei ndogo. Hiyo ndiyo champon. Leo huliwa Japani nzima.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa 5 na dakika 2 asubuhi, bomu la atomu lilipasuka juu ya Urakami, yapata nusu kilometa kutoka kanisa lile. Mapadri wawili na waumini waliokuwa kanisani kwa kitubio, wakijiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, walikufa wote. Katika Wakatoliki 12,000 hivi wa Urakami, walikufa 8,500 hivi. Na katika mji mzima, hadi mwisho wa mwaka ule, watu 74,000 hivi. Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959.

Hapa habari yagusa nchi yetu. Bomu lile lilikuwa la plutoniumu, ambayo hutengenezwa kutoka uraniumu, na sehemu kubwa ya uraniumu waliyoitumia Wamarekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Watu wetu waliichimba, wakaichambua kwa mikono, wakaipakia. Hawakuambiwa ni ya kazi gani. Basi ule msemo wa kwamba Nagasaki iko mbali, sisi wa Katanga hatuwezi kuusema.

Kesho yake, tarehe 10 Agosti, mpiga picha Yosuke Yamahata alipita katika mji uliokuwa ukifuka moshi. Watu waliopona walikuwa wakigawiwa matonge ya wali. Picha yake moja yaonyesha mama na mwanawe mdogo, wamesimama, kila mmoja na tonge lake. Uso wa mtoto una majeraha. Anatazama mbele, na tonge liko mkononi.