Vioo Vilivyosubiri

Mimi niliishia kidato cha nne, na miswada yangu imejaa sandukuni. Mama huniuliza, "Mwanangu, makaratasi haya ya nini?" Leo ninalo jibu.

Mwaka 1963, Maarten Schmidt, akiwa California, aligundua kuwa 3C 273, kilichoonekana kama nyota ya kawaida tu, kipo mbali ajabu: mwanga wake husafiri takriban miaka bilioni 2 hadi kutufikia. Ndiyo kwasari. Je, kinawaka vilevile siku zote? Nani angejua, na ndiyo kwanza kimetambulika!

Mwaka huohuo Harlan Smith na Dorrit Hoffleit wakapekua makabati ya Harvard, zilimo picha za anga zilizopigwa juu ya vioo tangu karne ya 19. Kumbe kilikuwamo! Zaidi ya miaka 70 kilikuwa kikififia na kung'aa. Na kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, maana mwanga lazima uwahi kukikatiza. Basi mng'ao ule, unaoshinda galaksi nzima, ulitoka mahali padogo mno.

Waliopiga picha zile hawakujua wanamwekea nani. Mama, sanduku liache hapohapo.