Njia ya Moscow ilipita Majita

Mkazi wa Geita anayetafuta medali ya Olimpiki iliyotoka karibu na kwao hana haja ya kufunga safari ya Arusha. Aambae na ziwa, apite Mwanza, aingie Mara mpaka Majita. Huko ndiko alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Agosti 1, 1980, mjini Moscow, alimaliza wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Siku iliyotangulia, Filbert Bayi wa Karatu alikuwa ametwaa fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania ilikuwa haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki juu ya hizo mbili.

Fedha ya Bayi ina historia chungu nyuma yake. Februari 2, 1974, huko Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe na kuweka rekodi ya dunia, 3:32.16, huku John Walker wa New Zealand akihema nyuma yake. Dunia ikasubiri warudiane Montreal mwaka 1976. Hawakurudiana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika zikasusia Michezo, Tanzania ikiwamo. Walker akachukua dhahabu. Bayi, mwenye rekodi, hakukanyaga uwanja. Mwingine angetundika viatu. Yeye akageukia mbio za kuruka viunzi na maji, na Moscow akaongoza mpaka mzunguko wa mwisho, alipopitwa na Bronisław Malinowski wa Poland.

Ukizungumzia imani kama hiyo ya wanariadha wetu, watu hukimbilia kwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, na wana haki. Mexico City, Oktoba 20, 1968, alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani usiku, akichechemea na bandeji mguuni, kwa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko aanze mbio, ilimtuma azimalize. Kinachonikera ni jinsi anavyosimuliwa kama maskini wa kuonewa huruma. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Huyo alikuwa mkimbiaji hasa.

Na imani hiyo hukaa muda mrefu bila malipo, kama ya mchimbaji mdogo anayeshuka duarani kila siku na hajaona chembe. Mtazame mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu wa Singida. Shaba ya dunia London 2017. Wa saba katika Olimpiki ya Tokyo. Paris 2024, nafasi ya 17, na wengi wakamzika. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba 15, 2025, akiwa Tokyo tena, aliingia uwanjani akimfukuza Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wakaandikiwa 2:09:48, Simbu akiwa mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipotazama ubao wa matokeo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Lakini imani haijawahi kukimbia peke yake. Simbu ni askari wa JWTZ, kama alivyokuwa Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York 1989. Jeshi liliwapa mshahara na muda wa mazoezi. Nyambui alinolewa katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Kule Iten, Kenya, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha shule ya St Patrick's. Hakuwa na ujuzi wowote wa riadha, akakaa, akajifunza, na shule ikamtoa Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988. Hapo imani ya dini na mazoezi ya alfajiri vilikutana. Kwetu Shinyanga misheni zilileta shule, na hospitali kama Kolandoto. Bruda wa namna ile hakutufikia.

Pesa nazo zilikuja. Almasi ya Mwadui iligunduliwa 1940, mgodi wa Geita ukafunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001. Mchezo ulionufaika ni soka: Mwadui, Stand United na Geita Gold zote zimepanda Ligi Kuu kwa nyakati zao. Sina ugomvi na soka. Ila mtoto anayeng'ara kwa mita 1,500 katika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akirudi kijijini hukuta uwanja wa mpira wenye magoli mawili, na hakuna anayeshika saa.

Halmashauri za ukanda huu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya migodi, mbali na miradi ambayo sheria inaitaka migodi iwafanyie wananchi. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala, bajeti ijayo tengeni fungu la njia moja ya kukimbilia ya mita 400 na mwalimu mmoja wa riadha kwa kila halmashauri. Anzeni na hilo.