Nani Aajiriwe, Nani Aamue: Kisa cha Archie Mafeje na Mabadiliko ya Kitaasisi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, 1968–2018

Utangulizi

Mabadiliko ya vyuo vikuu vilivyokulia katika mfumo wa ubaguzi wa rangi hupimwa mara nyingi kwa idadi ya wanafunzi Weusi wanaodahiliwa. Kipimo hicho kina umuhimu wake, lakini hakigusi suala la mamlaka, yaani ni nani anayeamua mwalimu wa kuajiriwa na maarifa ya kufundishwa. Sehemu hii inachunguza suala hilo kupitia kisa cha Archie Mafeje katika Chuo Kikuu cha Cape Town (UCT), Afrika Kusini. Hoja ya msingi ni kwamba kufutwa kwa sheria za kibaguzi hakukutosha kubadili taratibu za uamuzi ndani ya chuo.

Uamuzi wa mwaka 1968

T.B. Davie, aliyekuwa makamu mkuu wa UCT kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, alieleza uhuru wa kitaaluma kuwa ni haki ya chuo kuamua chenyewe nani afundishe, nini kifundishwe, kifundishwe vipi, na nani afundishwe. Kwa msingi huo UCT ilipinga hadharani sheria ya mwaka 1959 iliyowazuia wanafunzi wasio Wazungu kujiunga na vyuo vya Wazungu bila kibali cha waziri.

Msimamo huo ulipata mtihani wake mwaka 1968. Baraza la chuo lilikuwa limemteua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia ya jamii. Sifa zake zilijulikana vyema chuoni hapo: alikuwa mhitimu wa UCT, na pamoja na Monica Wilson alikuwa ameandika kitabu kuhusu mtaa wa Langa kilichochapishwa mwaka 1963. Serikali ilishinikiza na kutoa vitisho, nalo Baraza likatengua uteuzi. Izingatiwe kwamba sheria ya mwaka 1959 ilihusu udahili wa wanafunzi. Haikukataza kuajiriwa kwa mhadhiri Mweusi. Ni kweli kwamba tishio la serikali lilikuwa zito. Hata hivyo, chuo kilitii kabla ya sheria kukilazimisha. Mwezi Agosti wanafunzi wapatao 600 waliingia katika jengo la utawala la Bremner kupinga uamuzi huo, na baadhi yao walikaa humo kwa siku tisa. Uamuzi haukubadilika.

Uhamishoni na mlango uliobaki umefungwa

Mafeje alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikoongoza Idara ya Sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala iliyohoji dhana ya "kabila" kama chombo cha kuielezea Afrika. Hivyo, kazi ambayo UCT ingeweza kuifuga na kuivuna ilikomaa kwingine.

Ubaguzi wa kisheria ulipoanza kubomolewa katika miaka ya 1990, Mafeje aliomba kiti cha uprofesa cha A.C. Jordan katika Taaluma za Kiafrika, lakini hakupewa. Safari hii hapakuwa na waziri wa kulaumiwa. Mwaka 1996 kiti hicho alipewa Mahmood Mamdani, ambaye naye aliwahi kufundisha Dar es Salaam. Muda si mrefu ukazuka mgogoro kati yake na wenzake kuhusu kozi ya utangulizi juu ya Afrika. Mamdani alihoji kozi inayoitenga Afrika ya Kusini mwa Sahara na bara zima, pamoja na uzito mdogo uliopewa maandishi ya wanazuoni wa Afrika. Mwaka 1999 aliondoka. Mgogoro huo ulidhihirisha kwamba swali la nini kifundishwe halitenganishiki na lile la nani afundishe.

Kuomba radhi na kurejea Bremner

Mwaka 2003 UCT ilimwomba Mafeje radhi na kumtunukia nia ya shahada ya heshima, hakujibu. Alifariki mwaka 2007, na mwaka uliofuata chuo kiliiomba radhi familia yake. Machi 2015 wanafunzi waliodai sanamu ya Cecil Rhodes iondolewe walilikalia jengo lile lile la Bremner, wakaliita Azania House. Sanamu iliondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Mwaka 2018 Baraza liliamua ukumbi wa Jameson uitwe kwa jina la Sarah Baartman.

Hitimisho

Radhi, majina mapya na kuondolewa kwa sanamu ni hatua zenye maana, kwa kuwa chuo hukiri kupitia hatua hizo yale kilichoyatenda. Hata hivyo, Mafeje hakunyimwa heshima pekee. Alinyimwa kazi, na wanafunzi wa miongo kadhaa wakanyimwa mwalimu. Kwa hiyo, mageuzi ya kupinga ubaguzi hayana budi kupimwa pale madhara yalipotendeka: katika kamati za ajira, katika mitaala, na katika mabaraza yenye kauli ya mwisho. Kwamba vizazi viwili vya wanafunzi, vilivyotenganishwa na miaka 47, vililazimika kuketi katika jengo moja ili visikilizwe, ni ushahidi kwamba hapo ndipo mabadiliko yalipochelewa zaidi.